Biashara ndogo ya sarafu za wakusanyaji: unaanzia wapi, na pesa yako inakwama wapi

Shilingi_Tundu:
Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikiulizwa maswali yaleyale kuhusu kuuza sarafu, nikaona bora niyajibu hapa, na wanaonizidi wanirekebishe. Nina ajira yangu. Sarafu nazishika jioni na mwisho wa wiki. Mtaji unazunguka, faida ndogo ipo, na mwenye haraka ya utajiri uzi huu haumfai.

Nianze na kinachowaangusha wengi wanaoingia: kudhani kwamba sarafu ikiwa ya zamani basi ni ghali. Zipo sarafu ndogo za shaba za Roma zenye umri wa miaka 1,600 na zaidi, zinauzwa kwa mafungu kama dagaa, kwa sababu zilitengenezwa nyingi mno na bado zinafukuliwa. Bei inatokana na mambo matatu yakikutana: zimebaki ngapi, wanaozitaka ni wangapi, na hiyo uliyoshika iko katika hali gani. Likikosekana moja, umri haukuokoi.

Mfano ninaoupenda. Mfalme Edward VIII wa Uingereza alishika kiti Januari 1936 na kukiacha Desemba mwaka huohuo. Sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuingia sokoni kutumika. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati, hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na jina tu. Kwa hiyo zikatoka za 1936 zenye jina lake, kwa mamilioni. Mtu akisoma kwamba mfalme huyu hakumaliza hata mwaka, kisha akaikuta sarafu yake kwenye mkebe wa nyumbani, usingizi unampaa. Ukweli ni kwamba zipo tele na bei yake ni ya chini. Historia nzuri inasaidia kuuza sarafu, ila haiigeuzi kuwa adimu.

Upande wa pili kuna Tabora, 1916. Wajerumani walikuwa wamezingirwa vitani, meli hazifiki, wakatengeneza sarafu palepale katika karakana ya reli. Ilitoka rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, na mlima Kilimanjaro ukionekana kwa mbali nyuma ya tembo huyo. Hiyo inagombewa na wakusanyaji dunia nzima. Mwaka huohuo, mji huohuo, zikatoka pia heller 20 (heller ni sehemu ndogo ya rupia) za shaba, ambazo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuzinunua bila kukopa. Anayesema tu "nina sarafu ya Tabora" bado hajaniambia kitu.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya. Tuseme umenunua kwa 100 ukauza kwa 130. Soko la mtandaoni likikata 13 kwa kila 100, hapo zimeondoka karibu 17. Bahasha, kadi ngumu na posta zikila 6, umebaki na 7. Kama sarafu ilikaa miezi minane kabatini, hiyo 7 ni mzaha. Ndiyo maana sarafu ya kawaida sinunui zaidi ya 60 kwa kila 100 ninayotarajia kuiuzia. Faida inapatikana siku ya kununua. Siku ya kuuza unaichukua tu.

Sarafu zinazouzwa kwa uzito wa dhahabu au fedha ni habari nyingine kabisa. Pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza ni jembamba, zinahitaji mtaji mkubwa, na bei hubadilika wakati umelala. Mimi sizishiki.

Kibubu:
Mkuu shukrani sana, uzi umefika wakati wake. Mimi nimeachiwa mkebe wa sarafu na marehemu babu, nchi mchanganyiko, nyingine nyeusi kabisa zimeshika uchafu. Nilitaka kuanza na hizo kama mtaji. Nimeona video mtu anazisugua kwa dawa ya meno na siki zinang'aa kama mpya. Nizisafishe kwanza ndiyo nipige picha?

Mama_Mizani:
Kibubu mwanangu, weka chini hiyo dawa ya meno!

Pole kwa babu. Sikiliza vizuri. Sarafu inapopigwa kiwandani, metali inasukumwa kwa nguvu ikajaza nakshi, na juu yake inabaki mistari myembamba sana isiyoonekana kwa macho. Hiyo mistari ndiyo inayoipa sarafu mng'ao wa kiwandani, ule unaozunguka kama gurudumu ukiigeuza chini ya taa. Dawa ya meno ina chembe za kusugua, siki ni asidi, zote zinaiondoa mistari hiyo, na ikiondoka hairudi. Unabaki na kitu kinachong'aa kama sufuria. Mnunuzi mwenye uzoefu anaiona hata kwenye picha, na bei inaanguka nusu au zaidi papo hapo. Weusi kwenye fedha na hudhurungi kwenye shaba ni utando wa kawaida unaojijenga wenyewe, na wengine wanaulipia ukiwa mzuri.

Kitu pekee ninachokubali ni asetoni halisi, ile isiyochanganywa na manukato wala rangi, kwa kuondoa gundi au mafuta ya plastiki. Unalowesha, unasuuza, unaacha ikauke yenyewe. Dirisha liwe wazi na moto usiwe karibu. Kufuta kwa kitambaa hakuna.

Na hizo sarafu usizitie kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC. Baada ya muda inatoa utelezi wa kijani unaoila sarafu. Nunua vishikizo vya kadibodi vyenye dirisha la mylar (plastiki isiyodhuru sarafu), ni rahisi. Shika sarafu kwa ukingo, si kwa uso.

Shilingi_Tundu:
Mama kamaliza. Niongeze tu, Kibubu: kabla ya kuuza hata moja, zipange. Nchi, thamani, mwaka, herufi ya kiwanda kama ipo. Herufi moja ndogo chini ya nakshi inaweza kubadili bei mara kumi. Pima kila moja, andika kwenye daftari.

Ukikuta shilingi za Afrika Mashariki, tazama mwaka. Zile za 1921 hadi 1946 zina fedha, lakini robo tu, 250 kwa 1,000. Kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Nimeona watu wanatangaza zote kama "fedha tupu". Mteja akipima, jina lako limeondoka.

Ngawira:
Wakuu mimi nina wasiwasi na biashara hii. Mtaani tunajua habari za sarafu za zamani: ile inayovuta punje za mchele, yenye zebaki ndani, eti kuna mzungu anainunua kwa mamilioni. Jirani yetu aliuza pikipiki akatoa "gharama za vipimo", hadi leo. Tofauti yenu na wale ni ipi?

Shilingi_Tundu:
Swali zuri, na bora limeulizwa wazi.

Hakuna sarafu inayovuta mchele. Wanaofanya maonyesho hayo huwa wametia vumbi la chuma kwenye punje na sumaku mahali fulani. Hakuna zebaki ndani ya sarafu, wala hakuna maabara ya siri inayoitafuta. Dalili ni moja: unaombwa kulipa kwanza ili uje ulipwe. Mnunuzi wa kweli anataka picha, uzito na kipenyo. Akiridhika analipa, na wewe hutoi kitu.

Kuna uongo mwingine wa kistaarabu zaidi, na huo unawapata hata wasomi: bei za kutangazwa. Mtu anaandika senti ya kawaida kwa bei ya nyumba, wengine wanapiga picha ya tangazo, habari zinasambaa. Kuandika bei ni bure. Tazama zilizouzwa. Masoko makubwa ya mtandaoni yana kichujio cha mauzo yaliyokamilika, na nyumba za minada huweka matokeo yake wazi. Chukua mauzo kadhaa ya hivi karibuni ya sarafu iliyo katika hali kama yako, toa ya juu sana na ya chini sana. Hapo katikati ndipo ilipo bei yako.

JichoLenzi:
Mimi nimo upande wa pili wa meza, ni mnunuzi, nakusanya tu. Niwaambie kinachonifanya nipite tangazo bila kusimama: "hali nzuri sana". Nzuri kwa nani?

Jifunzeni gredi. Kipimo kinachotumika zaidi ni cha Sheldon, kilianza 1949 kwa ajili ya senti kubwa za Marekani, baadaye kikashika sarafu zote. Ni 1 hadi 70. Kuanzia 60 kwenda juu sarafu haijatumika. Chini ya hapo unatazama sehemu zilizoinuka, nywele, shavu, kifua cha ndege, maana ndizo zinazolika kwanza. Sarafu ileile ikiwa 63 na ikiwa 66 inaweza kuwa na bei mbili zisizofahamiana kabisa. Ndiyo maana muuzaji anayejipendelea gredi moja tu anaweza kuniumiza sana, na sirudi kwake.

Kampuni kama PCGS na NGC zinapima, zinatoa gredi, na kuifunga sarafu kwenye kasha lenye namba. Linafaa, ila si kwa kila kitu. Ukilipa ada ya kupima, posta ya kwenda na kurudi, bima, halafu sarafu yenyewe inauzwa kwa kidogo zaidi ya hapo, umewafanyia kazi wao. Na kasha lenyewe linaghushiwa. Namba iliyo juu yake ihakikini kwenye tovuti ya kampuni na mlinganishe picha.

Hapa natofautiana kidogo na mwenye uzi. Anasema adimu, adimu. Mimi pesa yangu nyingi inakwenda kwenye sarafu za kawaida zilizo katika hali isiyo ya kawaida. Sarafu iliyotengenezwa kwa mamilioni lakini ikabaki kama ilivyotoka kiwandani ni ngumu kuipata, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuitunza.

Shilingi_Tundu:
Nakubali, na hiyo ndiyo sababu nimetaja hali pale juu. Ila kwa anayeanza, kubashiri gredi za juu ni kujitafutia presha. Mwache kwanza azoee zilizotumika, ambazo kosa lake ni dogo.

Kibubu:
Wakuu naomba kuuliza kuhusu feki. Nitazijuaje? Mkebe wa babu una kama dola kubwa za Marekani mbili, zile za mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili.

Mama_Mizani:
Hizo huenda ni Morgan. Zinaghushiwa kupita kiasi, basi twende taratibu.

Unahitaji mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), sumaku yenye nguvu na lenzi ya kukuza mara 10. Vyote kwa pamoja havifikii bei ya sarafu moja mbaya utakayouziwa. Morgan halali ina gramu 26.73, kipenyo milimita 38.1, fedha asilimia 90. Iliyotumika sana inapungua kidogo, lakini haipungui gramu mbili.

Sumaku: fedha, dhahabu na shaba hazishikwi. Ikinasa, kesi imekwisha. Isiponasa bado hujajua kitu, maana feki nyingi ni za shaba iliyopakwa fedha.

Kipimo cha maji ndicho ninachokiamini. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala kuta za kikombe. Namba inayosomeka ni ujazo wake, kwa sababu sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu moja. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Morgan halali itasukuma karibu gramu 2.6, ukigawanya unapata kama 10.3. Shaba na nikeli itakupa karibu 8.9. Anayeghushi anaweza kulinganisha uzito au ukubwa. Vyote viwili kwa pamoja, bila fedha yenyewe, mara nyingi vinamshinda.

Kwa dhahabu kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu tangsteni ina uzito unaokaribia kabisa wa dhahabu. Dhahabu 19.3, tangsteni 19.25. Hapo maji hayatoshi, mpelekee mwenye mashine.

Kisha lenzi. Feki ya kumiminwa kwenye kalibu ina vishimo vya mapovu, herufi zake zimelegea kama sabuni iliyotumika, na mara nyingine mshono unaonekana ukingoni. Ukingo ndio waghushi wanaouchoka. Ukikutana na sarafu mbili zenye mkwaruzo uleule mahali palepale, zote mbili hazifai, zimetoka kwenye mama mmoja.

JichoLenzi:
Na mwaka, Mama. Watu wanasahau kutazama mwaka. Morgan zilitengenezwa 1878 hadi 1904, zikarudi 1921, kisha kimya mpaka toleo la kumbukumbu la 2021. Nimeshaona ya 1908.

Shilingi_Tundu:
Hahaha, kiwanda cha ndotoni hicho.

Ila mwaka una mtego wake pia. Thaler ya Maria Theresa yenye tarehe 1780: malkia alifariki mwaka huo, lakini sarafu ikaendelea kupigwa Vienna na tarehe ileile, na baadaye hata Roma, London na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uhabeshi hawakutaka kupokea nyingine. Gramu 28 na kidogo, fedha 833 kwa 1,000. Ni halali, ni fedha ya kweli, lakini ukiandika "ya mwaka 1780" utakuwa umeuza uongo, hata kama hukukusudia. Andika "tarehe 1780, toleo la baadaye". Maneno mawili hayo yatakupunguzia bei na kukuongezea wateja wanaorudi.

Kwenye picha: mwanga wa dirishani, pande zote mbili, na ukingo. Inamisha kidogo sarafu ili mng'ao uonekane. Usitie vichujio vya simu. Mkwaruzo ukiwepo, upige picha karibu kabisa na uutaje kwenye maelezo. Mteja akigundua kasoro mwenyewe baada ya kulipa, atarudisha, na posta mbili zinakuwa zako.

Kutuma: sarafu isicheze ndani ya bahasha. Ikigongana na kitu njiani inafika na jeraha jipya, na bahasha inayolia inawaita wezi. Bana kati ya kadi mbili ngumu, funga kwa utepe. Nje usiandike neno sarafu. Tumia huduma yenye namba ya ufuatiliaji hata kwa vya bei ndogo, maana atakayedai hajapokea hachagui bei.

Ngawira:
Na hizi wanazofukua chini? Kuna mtu ananiambia ana za zamani sana kutoka kwenye magofu, bei poa.

Shilingi_Tundu:
Usiguse. Hapo sina mzaha.

Nchi nyingi zina sheria za mambo ya kale, na kilichofukuliwa kwenye magofu kwa kawaida si mali ya aliyekifukua. Kuna pia mkataba wa UNESCO wa 1970 kuhusu biashara haramu ya mali za utamaduni, ndiyo maana nyumba za minada zinazojiheshimu huuliza sarafu imetoka wapi na ilikuwa kwa nani. Huna jibu, huna mauzo. Zaidi ya sheria, sarafu iliyong'olewa ardhini bila kuandikwa ilikuwa tabaka gani na pamoja na nini imepoteza nusu ya habari zake. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa hazina tarehe. Zilipokutwa chache kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia mwaka 1944, watu wamebishana hadi leo zilifikaje huko, kwa sababu hakuna aliyerekodi mazingira yake ipasavyo.

Kila unachonunua, andika: tarehe, umenunua kwa nani, bei, uzito. Daftari hilohilo litakusaidia kwenye kodi ukifika mahali pa kulipa, na utafika kama unauza kila wiki.

JichoLenzi:
Mnaziongeleaje seti za kumbukumbu, zile za kwenye visanduku vya mahameli na cheti?

Shilingi_Tundu:
Nyingi ukizinunua kiwandani leo, kesho zinauzwa chini ya bei uliyolipa. Kisanduku kizuri, cheti kizuri, wanunuzi wale wale wameshanunua.

JichoLenzi:
Nyingi, si zote. Peni 50 ya Uingereza ya 2009 yenye bustani za Kew ilitoka 210,000 tu kwa matumizi, na waliopewa kama chenji walipata faida ya bure.

Shilingi_Tundu:
Waliopewa kama chenji, sawa. Hawakuweka mtaji. Mimi naongea na mtu atakayetoa akiba yake.

Kibubu:
Wakuu nimerudi, nimeazima mizani ya sonara. Dola ya kwanza: 1889, gramu 26.58, sumaku haishiki, kwenye maji imesoma 2.58. Ya pili: 1907, gramu 24.1, na sumaku imeirukia yenyewe. Najua jibu la pili ila nauliza, naweza kuiuza kwa bei ndogo nikisema ni "ya kale, sina uhakika"?

Mama_Mizani:
Hapana mwanangu. Uhakika unao, mizani imekupa, na mwaka wenyewe unaishtaki. Kule Marekani tangu 1973 sheria inataka nakala ya sarafu igongwe neno COPY, na masoko mengi ya mtandaoni yanafuta tangazo la feki na akaunti pamoja nalo. Baki nayo, uwe unailinganisha na nyingine chini ya lenzi.

Ya kwanza inaelekea vizuri, 26.58 kwa 2.58 ni 10.3. Sasa igeuze, tazama chini ya shada lililo miguuni pa tai, juu ya herufi D na O za neno DOLLAR. Kuna herufi ndogo?

Kibubu:
Naona kama CC.

JichoLenzi:
Kibubu, usiiuze kwa mtu yeyote leo, na usikubali kuongea bei kwenye ujumbe wa pembeni. CC ni kiwanda cha Carson City, na 1889 yake ni miongoni mwa zinazotafutwa sana kwenye Morgan zote. Kwa sababu hiyohiyo kuna watu wanabandika CC kwenye sarafu halali ya kiwanda kingine, na hapo uzito na maji havikusaidii. Piga picha ya herufi hizo karibu kabisa, mwanga ukitoka pembeni, tuone kama zimeota kutoka kwenye sarafu au zimebandikwa. Hii sasa ndiyo ya kulipia kasha.